Kilichoonekana Tumboni mwa Birika

Haya ninayowaandikia ni kweli tupu, kweli isiyotiwa maji wala sukari. Nilikuwepo. Niliona kwa macho haya haya. Nikiongeza chumvi hata punje moja, basi masharubu yangu haya, yaliyofanya mtaa mzima uniite Mjomba Masharubu, yanyolewe mchana kweupe, watu wakiangalia. Na msidhani naapa kwa kitu cha bure. Njiwa aliwahi kutaga humu nikiwa nimesinzia barazani, nami nikakaa bila kucheka wala kupiga chafya mpaka makinda yakaruka. Hilo nalo ni kweli.

Nilistaafu kazi ya posta. Mdomo haukustaafu. Ndiyo maana dada yangu alinipa kazi nyingine.

Dada yangu sokoni wanamwita Mama Vyombo, kwa sababu ya duka lake la sufuria na mabirika. Ana mtoto mmoja tu, binti, mpwa wangu kipenzi, na huyo binti alikuwa anajifunza kupiga picha za bidhaa. Si picha za harusi. Ni zile za kwenye mabango, ambapo sabuni inapendeza mpaka unatamani kuilamba. Duka lilihitaji picha za namna hiyo, kwa hiyo mama mtu akakubali, lakini kwa shingo upande.

"Kajifunze taa," alimwambia. "Kajifunze kupanga vitu vikapendeza. Lakini mwenye taa mwache huko huko na taa zake."

Alikuwa na sababu. Mume wake alikuwa mpiga picha. Siku moja aliingia studio kwake mwanamke mmoja, anataka picha ya pasipoti. Picha ilitoka nzuri mno. Yule mwanamke akasafiri, na shemeji yangu naye akasafiri. Hatujamwona tena.

Basi mimi nikawa mlinzi. Kila Binti akienda studio, nami nyuma yake. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kigoda katikati ya chumba na kutazama. Kila jioni dada ananiuliza, "Ulikaa kigodani?" Nami najibu, "Naapa kwa masharubu yangu."

Mwenye studio tulimwita Fundi Mwanga. Kijana mrefu, mchache wa maneno, vidole vina makovu ya kuunguzwa na taa. Akinyamaza unadhani amekukasirikia. Akisema, unakuwa na uhakika.

Siku ya kwanza alimwekea Binti kijiko mezani.

"Unaona nini?"

"Kijiko."

"Hapana."

"Kijiko cha chai?"

"Huoni kijiko. Unaona dirisha, unaona taa, unaona pua yako. Kitu kinachong'aa hakina sura yake. Kina sura ya kilichosimama mbele yake. Kwa hiyo usihangaike kumulika kijiko. Hangaika na kile ambacho kijiko kinakitazama."

Binti akainama, akajitazama. "Kwa hiyo pua yangu ndiyo imeharibu picha?"

"Pua yako haijaharibu kitu," Fundi alijibu haraka haraka, kisha akageuka na kuanza kurekebisha taa ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Mimi mtu wa posta. Barua ya mapenzi naijua hata bahasha ikiwa imefungwa.

Binti akajifunza. Alijifunza kutandaza kitambaa cheupe kati ya taa na birika ili mwanga umwagike taratibu kama maziwa. Alijifunza kusimamisha kadi nyeusi huku na huku, nje kidogo ya picha, ili birika lipate ukingo, lisiyeyukie kwenye weupe wa nyuma. Alijifunza kuchanganya maji na glisirini, akayadondosha kwenye glasi kwa sindano, tone baada ya tone, yakakaa pale bila kuteremka. Na kila jambo alilifanya huku akisubiri neno moja tu kutoka kwa yule mtu. Neno lenyewe likawa hivi: "Wewe wa kadi, sogeza kushoto."

"Mjomba, hata jina langu halijui," aliniambia siku moja tukirudi nyumbani. "Miezi yote hii. 'Wewe wa kadi!' Mimi ni kibandiko?"

"Kwani wewe unataka akuite nani?"

Akanitazama, akatazama barabara, akazidisha mwendo. Macho yalikuwa yamejaa machozi.

Nyumbani mambo yalikuwa yameiva upande mwingine. Daktari wa meno alikuwa ameleta posa. Mtu mzuri, sisemi vibaya. Mpole, nadhifu, ananukia karafuu. Dada alimpenda kwa sababu moja kubwa.

"Huyu kazi yake watu wanakuja na maumivu, wanaondoka wamepona," alisema. "Hamtazami mtu usoni, anamtazama mdomoni. Na mdomo wa mtu mwenye jino bovu haumtamanishi mtu yeyote."

"Mama, simpendi."

"Nani kakuuliza habari za kupenda? Mimi nilipenda. Unaona nilichopata?"

"Ulinipata mimi."

Dada akajifunga kanga upya. Kisha akasema kwa sauti ya chini, na hiyo sauti ndiyo mbaya zaidi, "Kesho nakuja studio kuona picha za birika, na daktari nakuja naye. Tukimaliza kutazama, utampa jibu lake. Mwanangu, nakuomba, lisije likanidhalilisha."

Binti hakulala. Najua kwa sababu nilimsikia akifungua na kufunga dirisha. Asubuhi aliniambia ana uamuzi: kama Fundi Mwanga hatasema hata neno moja la kumpa sababu, atamkubali daktari. "Hata neno dogo, mjomba. Hata akisema nimependeza."

Sasa hapo ndipo likatokea la biskuti.

Katika kazi ile, pakiti zinafunguliwa lundo zima ili ipatikane biskuti moja tu isiyo na ufa wala kidonda. Hiyo wanaiita biskuti ya uso. Yenyewe inakaa mbele, wenzake wanajificha nyuma yake. Binti alikuwa ameitafuta tangu jana yake. Akaipata, akaipaka vanishi nyembamba, akaiweka kwenye kisahani karibu na birika ikauke. Alipogeuka kuchukua kibano, haipo.

Alikuwa panya. Nasema wazi, maana nilimwona: panya mkubwa kama paka wa tajiri, ana mkia kama kamba ya kufungia mzigo. Alipita, akachukua, akaondoka kwa heshima zake. Mimi nilikuwa pale pale kigodani.

"Biskuti iko wapi?" Fundi akauliza.

"Ilikuwa hapa."

"Ilikuwa. Mteja anaingia leo, nawe unaniambia ilikuwa?"

"Sijaila, Fundi!"

"Sikusema umeila. Nasema hukuitazama. Kazi hii ni kutazama. Mtu asiyeweza kutazama kitu kilicho mbele yake, anafanya nini hapa?"

Yeye alisema kwa ajili ya biskuti. Lakini nyie mnaelewa msichana aliyekesha alisikia nini. Binti aliweka kibano mezani. Sauti yake ilitoka nyembamba.

"Sawa. Leo ni siku yangu ya mwisho. Tumalize birika, niondoke."

Fundi akageuka. "Uondoke uende wapi?"

"Nikaolewe."

Niliona kadi nyeupe ikimdondoka mkononi. Ikaanguka chini kwa ubapa, paa! Hakuiokota. Alisimama kama mtu aliyezimiwa umeme katikati ya sentensi.

"Na nani?" akauliza mwishowe.

"Wewe yakuhusu nini? Sogeza kushoto."

Wakafanya kazi iliyobaki kama watu waliofiwa. Ilikuwa picha ya mvuke. Mvuke ni mkaidi; hauonekani ila umulikwe kwa nyuma, na nyuma yenyewe pawe na giza, na hapo ukichelewa kidogo umeshapaa. Kwa hiyo Fundi aliitega kamera ijipigie yenyewe, picha juu ya picha, ili wote wawili wawe na mikono huru. Binti aliinama kando ya birika, akaficha nyuma ya mdomo wa hilo birika pamba iliyolowekwa maji ya moto, mvuke ukapanda. Fundi alisimama nyuma ya Binti na kadi yake. Kamera ikawa inalia, tla, tla, tla.

Na yule mtu ambaye hasahau, siku hiyo alisahau. Hakushusha pazia jeusi linalotakiwa kukaa kati ya watu na birika.

Dada yangu akaingia mchana, daktari nyuma yake, karafuu nyuma ya daktari. Mlangoni nilimvuta daktari pembeni nikamwomba anitazame jino langu moja la nyuma, lililokuwa limepasuka asubuhi hiyo hiyo nikila mkate laini.

"Mkate laini?" akashangaa.

"Laini sana," nikamwambia.

Tukakaa mbele ya skrini kubwa. Fundi akafungua picha. Dada alishika kifua.

"Hili ni birika langu? Hili ninalouza mimi?"

Lilikuwa zuri, jamani. Mwanga umelizunguka polepole, ukingo mweusi umechorwa kama wanja, mvuke umesimama juu yake mweupe, mwembamba, mpaka unajikuta unatafuta kikombe. Dada akasogea, akasogea tena. Mfanyabiashara haangalii bidhaa kwa mbali.

"Kuza hapa tumboni," akasema. "Kuna kitu kama mkwaruzo. Sitaki watu waseme nauza mabirika yenye mikwaruzo."

Fundi akakuza. Akakuza tena. Mkwaruzo ukawa watu.

Nikasikia taa zikipoa.

Tumboni mwa birika, wamepinda kidogo kwa mviringo wake lakini wako wazi kabisa, alikuwepo Binti, ameinama, machozi yanamtiririka. Na nyuma yake Fundi Mwanga. Kadi ameishusha. Mkono wake mmoja ameuinua mpaka karibu na kichwa cha Binti, karibu na mtandio wake, haujagusa, umeganda hewani. Na uso! Sina namna ya kuuandika uso ule. Umewahi kumwona mtu stesheni, gari limeshaondoka, naye bado amesimama anatazama? Basi ule.

Wa kwanza kushtuka hakuwa dada. Alikuwa Binti. Alifunika mdomo kwa viganja vyote viwili, akamgeukia Fundi, akarudi kwenye skrini, akamgeukia tena, kama anayelinganisha hati na sura ya mtu.

"Huyu ni wewe?"

Fundi alikuwa amegeuka jiwe. Masikio tu ndiyo yalikuwa hai; yaliwaka.

"Futa," dada akasema. Sauti ilikuwa ile ya chini. "Futa hiyo picha, kijana."

Kidole cha Fundi kikaenda kwenye kitufe. Kikasimama.

"Usifute," Binti akasema.

"Wewe nyamaza! Kijana, huo mkono ulikuwa unaupeleka wapi kwa mwanangu?"

"Kulikuwa na uzi, mama," Fundi akajibu. "Kwenye mtandio wake. Uzi wa pamba."

"Ukautoa?"

"Sikuutoa."

"Kwa nini?"

Nadhani katika maisha yake hakuwahi kutoa sentensi ndefu kama ile. "Ningeutoa, ningekosa sababu ya kusimama pale. Kila siku natafuta sababu, mama. Namwambia asogeze kadi kushoto. Kadi ilikuwa sawa tangu mwanzo. Kila siku ilikuwa sawa."

"Miezi yote hii?" Binti akasema. "Umenisogeza kushoto miezi yote hii bure?"

"Upande huo ndio nakuona vizuri."

"Na jina langu je? Mbona hujawahi kuniita jina langu?"

"Nililijaribu nikiwa peke yangu," alisema, akitazama viatu vyake. "Lilikuwa linatoka vibaya. Linatoka na mambo mengine ndani yake."

Dada yangu alivuta kiti karibu na skrini, akakaa. Akaitazama ile picha muda mrefu. Nilidhani anatafuta la kumvunjia Fundi. Aliposema, alikuwa anasema na birika.

"Hana kamera," alisema.

"Nani, mama?" Binti akauliza, akapiga magoti kando yake.

"Huyu. Anakutazama na hana kamera. Baba yako sijawahi kumwona akinitazama hivi hivi, kwa macho matupu. Siku uliyozaliwa alikuwa na kamera usoni. Siku niliyoumwa, kamera usoni. Nilikuwa nasema, shusha hicho kitu unione. Anasema, ngoja kwanza, tabasamu." Akapangusa jicho kwa pembe ya kanga. "Nimekuwa nikiwaogopa wapiga picha wote, kumbe nilikuwa namwogopa mmoja tu."

Daktari wa meno akakohoa kidogo. Mtu mwungwana, narudia. Alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Mama, mimi jibu langu nimeshaliona," akasema. "Limekuzwa kabisa. Kwangu mimi watu hukaa wamefungua midomo, na bado hakuna aliyewahi kuniambia kitu kama alichosema huyu bwana." Akamgeukia Binti. "Dada, usihuzunike kwa ajili yangu. Ila ukila sukari sana kwenye hiyo ndoa, meno yako uyalete."

Binti akacheka na kulia kwa pamoja. Dada akamnyooshea Fundi kidole.

"Wewe. Utakuja nyumbani kwangu, utakaa sebuleni, nikusikie ukiongea. Na nikikuona na kamera, hata ya kwenye simu, utarudi ulikotoka."

"Nitakuja mikono mitupu, mama."

"Mikono mitupu tena? Lete hata matunda!"

Naye Fundi, mbele yetu sote, alinyoosha ule ule mkono wa kwenye birika, akautoa ule uzi wa pamba. Ulikuwa bado upo mtandioni. Akaukunja, akautia mfukoni mwa shati. Kisha akamwita Binti jina lake. Kweli, lilitoka na mambo mengine ndani yake.

Nilikuwa nimepanga habari hii iishie hapo. Mahali pazuri, wapendanao wamepatana, msomaji anafuta machozi. Lakini dada yangu amekaa hapa anasoma kila ninachoandika kupitia begani kwangu, na amesema ama nimalizie, ama ataichana.

Haya.

Daktari alipokuwa anaaga, alirudi kwenye skrini. Jicho la mtu yule limezoea kutafuta vitundu vidogo vyeusi kwenye vitu vyeupe.

"Samahani," akasema. "Na hapa, karibu na mdomo wa birika? Hiki kitundu?"

"Kivuli tu hicho," nikasema. "Twendeni zetu, daktari, utawachelewesha wagonjwa."

"Kuza," dada akasema.

Fundi akakuza. Wakati mwingine vijana hawana hata punje ya huruma.

Tumboni mwa birika, kwa mbali, kigoda kilikuwa kitupu. Nyuma yake kulikuwa na pazia la mlango wa stoo, na katika upenyo wa pazia hilo kichwa chenye upara, macho yametoka, na masharubu mnayoyafahamu. Katikati ya masharubu, imebanwa na meno, ikimetameta kwa vanishi, biskuti ya uso.

"Mjomba!" Binti akapiga kelele.

"Huyo ni panya," nikasema. "Panya huwa wanafanana sana na watu kwenye vitu vya mviringo."

"Mkate laini," daktari akasema taratibu, akitikisa kichwa. "Sasa nimeelewa lile jino."

"Yaani wewe!" Dada alikuwa amesimama, mikono kiunoni. "Kila siku, 'nilikaa kigodani, dada.' Kila siku! Uliapa kwa kitu gani vile?"

"Dada, kama nisingekaa nyuma ya pazia, hawa wangepata wapi nafasi ya..."

"Uliapa kwa kitu gani?"

Fundi Mwanga akakohoa. Nadhani alikuwa anacheka, ila kwa mtu yule ni vigumu kujua. "Kuna mteja wa mashine ya kunyolea," akasema. "Anataka uso mmoja, nusu kabla, nusu baada. Tumetafuta mtu mwenye masharubu ya kutosha, hatujampata."

Wakanikalisha kwenye kigoda changu mwenyewe. Taa moja kulia, kitambaa cheupe kushoto, daktari ameombwa kushika kadi nyeusi, dada amevuta kiti mbele kabisa kama aliyekata tiketi. Binti akanipaka povu.

"Mjomba, usicheke, litaingia mdomoni."

"Sicheki. Nalia."

Akanyoa upande wa kulia. Nilihisi upepo mahali ambapo upepo haujawahi kufika tangu ujana wangu. Akahamia kushoto, akainua mashine, na Fundi kutoka nyuma ya taa akasema, "Sogeza kushoto kidogo."

Binti akainua macho. Fundi naye alikuwa ametoka nyuma ya taa, mikono mitupu. Wakatazamana hivyo juu ya kichwa changu, mashine inanguruma hewani, povu linanikaukia usoni.

"Hivi mnamaliza au hammalizi?" nikauliza.

Hakuna aliyenisikia. Nimetoka pale na nusu. Na nusu hiyo, naapa kwa hii iliyobaki, ndiyo hiyo mnayoiona kwenye bango.